Yai la Saba

Itangazwe kwa wote, wakubwa kwa wadogo, waliosoma na waliokimbia umande: katika karne hii ya sayansi hakuna jini wa maji, hakuna pepo wa bwawa, na hakuna Bibi yeyote anayekaa chini ya jiwe akisubiri kuletewa mayai ya kuchemsha. Maji ni haidrojeni na oksijeni. Yaliyobaki ni hofu za watu wasiojua kuogelea.

Sajenti Raya wa upelelezi alikuwa na msimamo huohuo saa tatu asubuhi ya Jumanne, alipotia mguu wake wa kushoto katika mtumbwi uliofungwa kwenye mwalo wa Bwawa la Lukonge. Saa tatu na sekunde mbili alikuwa amekaa majini, daftari amelishika juu ya kichwa.

"Kushoto," alisema Mzee Salehe kutoka ukingoni, bila kucheka. "Chomboni huingii kwa mguu wa kushoto, mwanangu."

"Shikamoo, mzee," alisema Raya, maji yakimfika kifuani. Adabu haisubiri nguo zikauke.

"Marahaba. Toka taratibu. Usipige mluzi, utaita upepo. Na usinyooshe kidole kwenye maji. Ukitaka kuonyesha kitu, onyesha kwa ngumi."

Raya akatoka, akajikamua upindo wa sketi, akafungua daftari. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na maneno aliyoyaandika jana yake kituoni Morogoro mjini, pale mama mmoja mrefu aliyefunga kanga kiunoni kama anayekwenda kupigana alipoingia na kusema:

"Nimekuja kushtaki."

"Nani?"

"Sijui. Ama Idrisa, ama Bibi wa bwawa. Mchague nyie."

Askari wote walicheka isipokuwa Raya. Ndiyo maana kesi akapewa yeye.

Kisa chenyewe kilikuwa hiki. Daraja la kwenda Kibwege, kitongoji cha ng'ambo kilichokaa miguuni mwa milima ya Uluguru, lilichukuliwa na mafuriko ya masika ya mwaka juzi. Tangu hapo ndizi, mdalasini, wagonjwa na wajawazito vilivushwa kwa mitumbwi, na mitumbwi haikutosha. Mwaisha, yule mama mrefu, akakata mkangazi uliopandwa na bibi yake katika shamba la ukoo wa mama yake, akatafuta fundi, na baada ya mwaka mmoja na nusu akawa na mashua ya mbao yenye kubeba watu ishirini. Hakukuwa na mwanamke mwenye chombo katika bwawa lile kabla yake.

Lakini mwalo ule una desturi. Mzee Salehe alikuwa baharia wa Pangani, na bwawa lilipochimbwa alipanda huku juu na miiko ya pwani yote, kama mtu anayehama na kinu chake. Watu wa milimani wakaongeza yao. Chombo kipya hakigusi maji mpaka Bibi apokee sadaka. Alhamisi jioni ungo unawekwa juu ya jiwe kubwa mwisho wa mwalo: wali mweupe usiotiwa chumvi, halua, ndizi mbivu, mayai saba ya kuchemsha, na marashi ya kunyunyiza. Watu wanaondoka bila kugeuka nyuma. Asubuhi Mzee Salehe anakwenda peke yake, anaangalia, anarudi na jibu. Chombo kikikataliwa mara tatu, kinapewa ya nne. Ya nne ikikataliwa, kinaburutwa kwenda nchi kavu moja kwa moja, na mwenyewe hana nafasi tena mwaloni hapo.

Mashua ya Mwaisha ilikuwa imekataliwa Alhamisi tatu mfululizo, Juni nzima. Ya nne ilikuwa keshokutwa.

"Unajuaje kama amepokea, mzee?" aliuliza Raya. "Ungo ukiukuta mtupu?"

"Ungo mtupu hata kenge anaweza kuufanya. Ipo ishara."

"Ishara gani?"

"Ukishaambiwa si ishara tena."

Raya akaandika: *Ungo mtupu = amepokea.* Alikosea, lakini tusimseme kwa sasa.

Idrisa alipatikana akishona wavu. Alikuwa na mtumbwi mkubwa kuliko yote mwaloni, na mashua ya Mwaisha ingemnyang'anya nusu ya abiria. Hilo hakulificha.

"Unampenda Mwaisha?"

"Simpendi wala simchukii, afande. Anaongea sana."

"Ijumaa iliyopita alfajiri ulionekana unatoka upande wa jiweni, suruali imelowa."

"Mimi ni mvuvi. Ningelowa wapi, jikoni?"

"Abiria wako wangapi kwa safari moja?"

Idrisa akaguna. "Hatuhesabu watu chomboni. Ukiwahesabu, maji nayo yanawahesabu."

Raya hakuandika hilo, ila alilikumbuka. Aliomba ruhusa kwa Mzee Salehe, akavua viatu, akaenda jiweni mchana kweupe, wavuvi wote wakimfuata hatua kumi nyuma. Jiwe lilikuwa jeusi, pana kama kitanda cha watu wawili, na upande wa nchi kavu lilikuwa na ufa. Raya akalala kifudifudi, akaingiza mkono mpaka begani. Akatoa maganda ya mayai, kiganja kizima. Akaingiza tena. Akatoa vijikaratasi vinne vilivyosokotwa kama vya kufungia ugoro. Akafungua kimoja, akalamba.

"Chumvi," alisema.

Angesema "bomu" kungekuwa na utulivu zaidi. Bibi halambi chumvi. Chumvi katika ungo wake ni tusi, na kila mtoto wa pale anajua.

"Ametia chumvi!" Mwaisha alipenya katikati ya watu, akamkamata Idrisa kwenye ukosi. "Chumvi katika chakula changu! Mwanaume mzima!"

"Niachie, dada! Wallahi sijui!"

"Mwachie," alisema Raya. "Idrisa, ulisoma mpaka wapi?"

"Darasa la nne. Kwa shida."

Raya akakunjua karatasi mbele ya macho yao. Ilikuwa ya daftari la hesabu, lenye miraba midogo, na ndani yake mtu alikuwa amehangaika na herufi na namba mpaka kwenye jibu, chini yake kalamu nyekundu ikaandika: *Jibu sahihi. Njia ya wizi.*

"Hii si hesabu ya darasa la nne. Pili, angalieni rangi. Karatasi imekuwa ya njano, wino umefifia. Imenyeshewa na mvua, na mvua ya mwisho hapa ilikuwa lini?"

"Mei," alisema mtu.

"Sadaka ya Mwaisha ilianza Juni. Kwa hiyo chumvi hii ilikuwepo wakati Bibi *anapokea*, si wakati anakataa. Tatu." Akaokota ganda, akalinyanyua. Lilikuwa limemenywa vizuri, kwa vipande vikubwa. "Kenge hamenyi yai. Aliyekaa hapa alimenya yai, akalichovya chumvi, akala. Je, Bibi ana kucha?"

Mwaisha alimwachia Idrisa ukosi, akaukung'uta kidogo kama fundi cherehani.

Mzee Salehe akamwongoza Raya kwenye kibanda cha nyavu. Ukutani kulikuwa na alama za mkaa, moja kwa kila mwezi, maana mwaloni hutolewa sadaka kila Alhamisi ya mwisho wa mwezi, iwe kuna chombo kipya au hakuna. Mstari maana yake imepokelewa. Duara, imekataliwa. Kulikuwa na miaka mitatu pale, na Raya alisimama mbele ya ukuta ule mpaka sketi ikakauka.

"Mzee, Juni duara. Desemba duara. Juni duara. Desemba duara. Tena Juni. Miezi mingine yote mistari."

"Bibi ana majira yake."

"Ana likizo," alisema Raya. "Mbili kwa mwaka."

Isipokuwa duara moja, peke yake katikati ya mistari: Agosti, mwaka juzi. Raya alilitazama mara tatu. Halikukaa katika hesabu yake. Akalichora kwenye daftari, akalizungushia alama ya kuuliza.

Hapo kengele ikalia.

Ieleweke kwamba nyuma ya mwalo, ng'ambo ya uzio wa waya, kuna shule ya bweni ya wasichana. Shule hiyo, ambayo jina lake tunalificha kwa heshima ya Mkuu wa Shule, haihusiki na habari hii na imetajwa kwa ajili ya jiografia tu. Ilikuwa imefunguliwa jana yake, baada ya likizo ya Juni.

Sajenti Raya hakujali jiografia. Nusu saa baadaye alikuwa ofisini kwa walimu, na Mwalimu Hafidhi wa hesabu ameshika karatasi kwa ncha za vidole.

"Mwandiko mwekundu ni wangu," alisema mwalimu. "Huu wa bluu ni wa Asia, kidato cha tatu. Anapata jibu kabla ya swali, halafu anatunga njia. Ameua mtu?"

"Bado hatujajua. Niitie."

Akaletwa Asia. Alikuwa msichana mtulivu, mwenye sketi iliyopigwa pasi, uso wa unyenyekevu, na sifa njema kwa kila mtu, na lolote utakalosoma kuanzia hapa kumhusu lipokee kwa tahadhari.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Unaijua karatasi hii?"

"Ni karatasi, afande."

"Ina nini?"

"Hesabu."

"Na hivi vyeupe?"

"Vumbi la chaki."

"Onja."

Asia akaonja. Akafikiri. "Chaki ya chumvi."

Mwalimu Hafidhi aligeukia dirishani na mabega yakamtikisika.

"Mnapita wapi?" aliuliza Raya.

"Nani, afande?"

"Tundu la uzio liko nyuma ya jiko. Nimeliona. Lina uzi wa sweta ya shule. Mnatoka saa ngapi?"

"Kabla ya kengele ya prepu, ya kujisomea usiku."

"Mko wangapi?"

"Niko peke yangu."

"Wali, halua, ndizi na mayai. Peke yako."

"Nina njaa sana, afande." Asia akainua macho. "Kwani wewe umewahi kula maharage ya bweni?"

"Miaka sita."

"Basi unajua."

Raya alijua. Alijua mpaka sauti yanayoitoa yakianguka kwenye sahani ya bati. Lakini alikuwa kazini, akamweleza Asia jambo ambalo Asia hakuwa akilijua: kwamba upande wa pili wa uzio, ungo uliolambwa ni baraka, na ungo uliobaki na chakula ni laana, kwamba Juni, wakati wasichana wako makwao wakila pilau, mashua ya mama mmoja ilikuwa inahukumiwa kila Ijumaa, na kwamba keshokutwa ndiyo hukumu ya mwisho.

Asia aliitazama tena karatasi yake. Kisha akili yake, ile inayopata jibu kabla ya swali, ikafanya kazi.

"Afande, si rahisi? Shule imefunguliwa. Keshokutwa waweke ungo, sisi... mimi nitakula. Bibi atakuwa amepokea. Mashua itaingia majini. Kila mtu atafurahi, na mimi nitakuwa nimeshiba."

"Halafu Desemba?"

"Desemba nini?"

"Desemba mtakwenda likizo. Ungo utabaki. Watasema Bibi amebadili mawazo, na wa kulaumiwa atakuwa nani? Idrisa? Ni yule mwanamke." Raya akafunga daftari. "Jibu sahihi, njia ya wizi. Alhamisi saa kumi utakuja mwaloni na matroni wako, utasimama mbele yao, utasema."

"Wataniua."

"Nitakuwepo."

"Ulianguka majini, afande. Bweni zima limesikia."

Raya alitaka kukasirika, akashindwa.

Alhamisi saa kumi mwalo ulijaa. Hata watu wa Kibwege walikuwa wamevushwa, wakaketi kwenye mikungu yao ya ndizi. Ungo wa Mwaisha ulikuwa tayari, umefunikwa kitambaa cheupe. Mashua yake ililala ufukweni, pua ikielekea majini, kama mbuzi aliyefungwa mbali na majani.

Asia alisimama, akasema. Alisema vizuri, lazima tukiri, ingawa sauti ilikuwa inapanda na kushuka. Alisema tundu, prepu, karatasi, chumvi. Alisema hakuna mtu aliyemroga Mwaisha na hakuna mtu aliyemwaga kitu kwenye ungo wake.

Wa kwanza kulipuka alikuwa Idrisa. "Miaka mitatu! Bibi akikataa tunakaa siku tatu hatuingii majini! Kumbe nilikuwa nafunga mtumbwi wangu kwa sababu watoto wa shule wamekwenda kwao?"

"Samahani, baba."

"Na mimi nikakabwa ukosi!"

"Hilo ni la Mama Mwaisha, baba. Mimi sikukukaba."

Kuna waliocheka, kuna waliosonya, na kuna mmoja aliyekuwa akitafuta fimbo kwa macho. Mwaisha hakufanya lolote kati ya hayo. Alikuwa amekaa kwenye ukingo wa mashua yake, kiganja kimelala juu ya mbao.

"Kwa hiyo hakunikataa," alisema.

"Hakuna aliyekukataa, mama," alisema Asia. "Tulikuwa likizo."

Mwaisha akafunika uso kwa kanga, na mabega yake yakacheza, na kwa muda watu hawakujua kama ni kilio au kicheko. Alipoufunua, vilikuwa vyote.

Mzee Salehe akainuka, akaegemea pondo lake, mti wa kusukumia mtumbwi.

"Mjukuu wangu. Mayai yalikuwa saba. Mlikula mangapi?"

"Yote, babu."

"Yote saba?"

"Yote saba," alisema Asia, haraka mno. Sajenti Raya, aliyehoji wezi kwa miaka kumi na mmoja, aligeuka kumtazama.

"Njoo." Mzee akamshika mkono mpaka mwisho wa jiwe, akaonyesha chini kwa ngumi, pale maji yalipokuwa safi na mchanga unaonekana. "Miaka yote nakuja hapa alfajiri. Ungo sikuwa nauangalia. Nilikuwa naangalia hapa. Imepokelewa, maana yake kuna yai moja chini ya maji. Zima. Halijamenywa. Tena halikutupwa, limelazwa, mtu amechutama akalilaza. Kenge haachi yai. Mwizi haachi yai. Hiyo ndiyo ishara." Akainama usawa wa uso wa Asia. "Nani alikuwa analiweka?"

Na hapa, msomaji, sina budi kutoka nyuma ya mgongo wa Sajenti Raya, ambaye amenisomea daftari lake lote na kuniamuru niandike kila kitu bila kuficha. Asia mwenye sketi ya pasi na sifa njema ni mimi. Nilidhani ungeshtuka zaidi.

"Mimi," nilisema. "Kabla yangu alikuwa dada niliyemkuta bwenini. Na kabla yake mwingine. Ukiingia kidato cha kwanza ndilo jambo la kwanza unalofundishwa, hata kabla ya tundu lilipo: sita yetu, la saba la Bibi. Unalilaza majini, unasema 'Bibi, samahani,' unaondoka bila kugeuka nyuma."

"Bila kugeuka nyuma," alirudia Mzee Salehe polepole. "Nani aliwafundisha hilo?"

"Sijui, babu."

Aliwatazama wavuvi wake, kisha uzio, kisha wavuvi tena. "Bibi hana mikono," alisema. "Mmewahi kujiuliza alikuwa analiingiza majini kwa mikono ya nani?"

Hakuna aliyecheka sasa. Hata yule wa fimbo alikuwa amevua kofia.

Mzee akafunua ungo. Akawaita wenzangu watano, ambao hadi dakika ile nilikuwa nimeapa hawapo, nao wakatoka nyuma ya matroni wakiwa wameinamisha vichwa. Tukala pale pale, mchana, mbele ya watu wote, yai moja moja, bila chumvi. Ni adhabu kubwa kuliko unavyodhani. La saba nililichukua mimi, nikachutama, nikalilaza kwenye mchanga chini ya maji. Midomo yangu ilitikisika. Nilichosema si lazima ukijue.

"Shusha chombo," alisema Mzee Salehe.

Wanaume wakashika mbavu za mashua, Idrisa wa kwanza, na mti wa bibi yake Mwaisha ukaingia majini ukaelea. Mwaisha akakamata kasia. Watu wa Kibwege wakapanda na mikungu yao, na hakuna aliyewahesabu. Sajenti Raya alipanda wa mwisho, akasimama kidogo ukingoni, akatazama miguu yake, akaingiza wa kulia.

Walipokuwa wamefika mbali kiasi cha kurusha jiwe, nilimwona anafungua daftari.

"Asia!" aliita. Sauti juu ya maji husikika na kila mtu. "Agosti, mwaka juzi! Duara moja! Mlikuwa shuleni!"

Mzee Salehe akageuka kunitazama. Idrisa naye. Na wenzangu watano, ambao hawakuwahi kujua.

Nilikuwa kidato cha kwanza. Nilikuwa na njaa, na nilikuwa nimesoma kwamba maji ni haidrojeni na oksijeni.

"Nililila!" nilijibu kwa sauti. "La saba! Nililila lote! Jioni ile upepo ukang'oa bati la bweni, juu ya kitanda changu, na sijalila tena!"

Lile tangazo la mwanzo, naomba lisahauliwe. Niliandika mchana, nikiwa nimeshiba.